Mama Mkwe Hakai Mbele

Selestini alikuwa na sifa moja mjini Bariadi, na aliitangaza mwenyewe kabla watu hawajamsaidia: kwamba akiendesha gari, abiria wake anaweza kunywa chai asimwage hata tone. Aliisema gereji, aliisema sokoni, siku moja aliisema hata kwenye foleni ya kitubio. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu hakungoja kusifiwa.

Gari lenyewe halikuwa lake. Ilikuwa miaka ile serikali ilipoachia biashara ya pamba, wanunuzi binafsi wakamwagika kama kumbikumbi baada ya mvua, kila kampuni na mizani yake. Kampuni moja ilimwajiri Selestini, ikamkabidhi hadtopu nyeupe, gari la paa la bati, ya kuzungukia vituo vya kununulia. Lilikuwa gari la kazi hasa. Bodi lilikalishwa juu ya chesisi nene kama ya lori, na springi za nyuma zilikuwa vyuma bapa vilivyolaliana, vilivyotengenezwa kubeba mizigo na si matako ya binadamu. Mbele kulikuwa na viti viwili vinene, cha dereva na cha abiria. Nyuma, juu ya ekseli kabisa, kulikuwa na mabenchi mawili yaliyotazamana. Selestini aliyafuta vumbi mabenchi yale kila Jumamosi, ila kuyakalia hakuwahi hata siku moja.

Shida yake ilikuwa mama mkwe.

Mama Kija wa Lingeka alikuwa mwanamke wa heshima za zamani. Vijana wa mjini walikwisha kulegeza mambo, utamkuta mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe wake wanataniana mchana kweupe, lakini yeye hakulegeza. Mkwe ni mkwe. Hamtazamani usoni, hamkai bega kwa bega, na ukiwa na neno la kumwambia unampitishia mtu. Kwa hiyo Selestini alipokwenda kumchukua kwa ajili ya harusi yake na Kija, binti wa mama huyo, habari ya mama mkwe kukaa kiti cha mbele haikujadiliwa. Mbele alikaa mdogo wake mama mkwe, Januarius. Mama Kija akapanda nyuma, akajibana kwenye benchi, na mapajani akapakata kibuyu cha maziwa ya mgando, zawadi kwa wenyeji wake.

Barabara ya kutoka Lingeka ni ya udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha inakuwa ugali, jua likiwaka inakuwa mawe, na alama za magurudumu ya masika yote zinabaki pale zikikungoja. Selestini aliendesha akipiga mluzi. Walipofika Bariadi, kibuyu kilifunguliwa mbele ya wageni, na ndani hakukuwa na maziwa. Kulikuwa na bonge la siagi likielea.

Mama Kija alilitazama, kisha akasema na ukuta, maana mkwe alikuwa karibu:

"Mimi maziwa ninayasuka nyumbani kwangu, nimekaa, kwa hiari yangu. Leo nimesukwa mimi na maziwa yangu pamoja."

Wageni walicheka hadi wakashikana mabega. Selestini naye alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Harusi ilipokwisha mama yule alilala kifudifudi akikandwa mgongo kwa maji ya moto, na siku ya kurudi alilipita gari la mkwe wake pale mlangoni kama apitavyo jiwe, akapanda mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa umeleta pamba. Alisema ng'ombe angalau anajua kwamba amebeba mtu. Akaongeza, na neno hilo likafika kila nyumba ya Lingeka, kwamba gari la mkwilima hatalipanda tena.

Basi ikawa hivyo, na ingeendelea kuwa hivyo, kama Kija asingezaa.

Kija alikuwa amesubiri mtoto mpaka majirani wakachoka kumuuliza, na kuchoka kwao ndiko kulikomuuma kuliko maswali. Sasa mtoto alikuja, wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wakamwita Anna, jina la bibi yake. Padri akapanga ubatizo Jumapili. Selestini alikuwa tayari ameongea na mtu wa kuleta mbuzi wakati mkewe alipomwambia, akiwa amemlaza mtoto begani:

"Mama asipokuja, huyu habatizwi."

"Mama Anna, unajua mama yako alivyoapa."

"Najua. Lakini jina ni lake. Nani atamwita mtoto kwa jina hilo mara ya kwanza, mwenyewe akiwa amekaa Lingeka? Nataka mama yangu amshike, Selestini. Sitaki kitu kingine chochote, hata huyo mbuzi wako."

Alisema bila kupandisha sauti, na machozi yakamtoka vilevile. Selestini alimpenda mkewe kwelikweli. Alitoka nje, akalizunguka gari, akalipiga gurudumu teke dogo, akaenda dukani kwa Tajudin.

Tajudin alikuwa akiuza vipuri, matandiko ya kitanda na ushauri, vyote chini ya bati moja. Alimsikiliza Selestini huku akisukuma kikombe cha kahawa upande wake.

"Ndugu yangu, bosi wako gari lake lina springi za koili, linatembea kama paka. La kwako lina springi za mkokoteni. Huwezi kulibadilisha kwa dua. Lakini nyuma pale, ukimtandikia mama yako mkwe godoro nene la sponji, atajiona yuko kitandani."

Selestini aliliona jambo hilo kuwa jema hata akashangaa kwa nini hakuliwaza mwenyewe. Alinunua godoro nene kuliko yote, lenye maua mekundu, akalikunja, akalibana juu ya benchi, na Ijumaa asubuhi akaondoka kwenda Lingeka akipiga mluzi wake uleule.

Alipofika alisimama mbali na mlango, ubavu ukielekea nyumba, kama inavyompasa mtu mwenye adabu.

"Mwangaluka, mayu," aliuambia ua, akimwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," nyumba ikajibu, na haikuongeza neno.

Januarius ndiye aliyetoka. Huyu mjomba wa Kija alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika kwa miaka mingi, akisomba pamba masika na kiangazi, mpaka wanunuzi binafsi walipokuja na malori ya chama yakaegeshwa moja moja, nyasi zikaota hadi kwenye madirisha. Tangu hapo alichunga ng'ombe. Alikuwa mchungaji mzuri, lakini kila alipoona usukani mikono yake ilicheza kama ya mtu aliyesikia ngoma. Alilizunguka gari, akalipapasa boneti.

"Mkwilima, leo utanipa kidogo? Mpaka pale mtoni tu."

"Mjomba, omba chochote. Huu usukani haujaguswa na mkono wa mtu mwingine, wala hautaguswa."

Januarius akacheka, maana jibu alilijua, akaingia ndani kupeleka ujumbe. Selestini akasikia sauti ya mama mkwe ikikataa. Ikakataa tena. Kisha Januarius akasema kitu kwa sauti ya chini, na Selestini akalipata neno moja tu, jina Anna.

"Mwambie nakuja," Mama Kija akasema hatimaye. "Namfuata mjukuu wangu. Gari lake sijalisamehe."

Alitoka amevaa khanga mpya, na mkononi ameshika kibuyu. Alikuwa amekijaza tena. Alimwambia Januarius, kwa sauti ya kumfikia anayehusika, kwamba safari hii alitaka maziwa yafike yakiwa maziwa.

Wakaondoka. Mama Kija alikalia maua mekundu, na kwa kitambo kidogo, kwenye uwanda wa mbele ya shule, mambo yalikuwa mazuri. Selestini alianza hata kutunga namna atakavyomsimulia Tajudin. Halafu ukaja mfereji wa kwanza.

Mfereji haukuwa mkubwa. Magurudumu ya mbele yaliushuka na kuupanda kwa heshima. Ya nyuma yalipoufikia, springi zile ngumu, hazina mzigo wa kuzituliza, zilirudisha kipigo chote juu kama kilivyokuja. Mama Kija kwanza alizama kwenye sponji, kisha springi ikamrusha, na godoro likamwongezea. Kichwa chake kikagonga bati. Alirudi chini, godoro likamtupa tena, mara hii kiubavu, kibuyu kikiwa kimekumbatiwa kama mtoto. Ngumi ikapigwa kwenye bodi kutoka ndani, pigo moja zito. Selestini akasimamisha gari.

Mama mkwe alishuka mwenyewe. Akatengeneza khanga, akaenda akaketi kwenye ukingo wa barabara, mgongo umeelekea gari.

"Januarius, mwambie mwenye gari mimi narudi kwa miguu. Amsalimie mjukuu wangu." Akakipakata kibuyu mapajani. "Mwambie nilitaka kumwona. Nilitaka sana. Lakini nikifika nimevunjika, nitamshikaje?"

Selestini alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale na kila neno alilisikia. Hata hivyo alingoja Januarius amgeukie na kumrudia lote, maana ndivyo ilivyo.

"Mwambie mayu naendesha taratibu," alijibu. "Barabara ndiyo mbaya. Huku mbele hata kikombe cha chai hakimwagiki."

"Mwambie huku nyuma hakuna chai."

Januarius, aliyekuwa katikati akigeuka huku na huku, akajaribu kuleta shauri lake. "Dada, ukae mbele, halafu tutundike khanga katikati yenu."

"Khanga inaficha macho. Mkwe haimfichi." Kisha Mama Kija akageuza kichwa kidogo, si kumtazama mtu, kulitazama gari. "Muulize swali moja. Yeye amewahi kukaa huko nyuma?"

Januarius akamgeukia Selestini. Selestini akaligeukia benchi la nyuma.

"Amesikia, dada," Januarius akasema. "Anafikiri."

Alikuwa akifikiri kweli. Aliwafikiria makarani wa mizani aliokuwa akiwarundika kule nyuma, na mama mjamzito aliyemkimbiza hospitali akimwambia ajishikilie, na namna wote walivyokuwa wakishuka bila kumshukuru, naye akisema watu wa siku hizi hawana shukrani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini zaidi ya wote alimfikiria Kija amesimama mlangoni na mtoto, akiliona gari linakuja, akihesabu vichwa ndani, asikione kimoja. Alijua kwamba mkewe hatamlaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo hakuweza kulivumilia.

Akachomoa ufunguo. Alikaa nao mkononi kidogo, maana si rahisi, tusimcheke sana.

"Mjomba," akasema. "Endesha wewe. Mayu akae mbele kwa mdogo wake. Mimi nitakaa nyuma."

Januarius alifuta viganja vyote viwili kwenye suruali, mbele na nyuma, kama mtu anayeitwa mezani. Mama Kija naye akanyanyuka. Akakiweka kibuyu chini, katikati ya barabara, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaangalia mbali. Selestini akakifuata, akakiokota. Hivyo ndivyo alivyokabidhiwa.

Ningependa kusema kwamba Januarius aliendesha vibaya, ingekuwa faraja kwa Selestini. Aliendesha vizuri sana. Alilinyatia kila shimo, alilizunguka kila jiwe, na mbele kule Mama Kija akayumba taratibu kama mtu anayesinzia kanisani. Nyuma, Selestini aligundua mambo ambayo gari lake lilikuwa limemficha miaka yote. Aligundua kuwa shimo moja hufika mara mbili, mara ya kwanza kama habari na mara ya pili kama ngumi. Kwamba godoro la Tajudin ni adui, akalikunja akalisukumia miguuni. Kwamba bati la juu lina skrubu moja iliyochomoza, na kwamba skrubu hiyo inakijua kichwa cha mtu mahali kilipo. Alijaribu kukaa, akajaribu kuchuchumaa, akajaribu kusimama ameinama. Mwisho alikaa sakafuni, akazungusha mikono na miguu kwenye kibuyu, akawa kitu kimoja nacho.

Mbele walikuwa wakipiga soga.

"Kumbe gari ni kitu kizuri," alimsikia mama mkwe akisema. "Mbona mlikuwa mnanificha?"

Januarius akacheka kicheko ambacho Selestini hakuwahi kumsikia nacho, cha mtu aliyerudishiwa kitu chake. Akaanza kuimba wimbo wa kupalilia, dada yake akaitikia, na gari likaenda hivyo, na wimbo mbele na mateso nyuma. Kwanza Selestini alikasirika. Alikasirikia barabara, Tajudin, na vyuma bapa. Kisha akarushwa kwa nguvu hata kofia ikamtoka, ikaangukia kibuyu, ikabaki pale imekikaa vizuri kabisa, na Selestini akajikuta anacheka peke yake kama mwendawazimu, huku machozi yakimtoka, ya mgongo na ya kicheko.

Walipofika Mwanhuzi aligonga bodi kwa ngumi, pigo moja zito, kama alivyofundishwa. Kwenye kituo cha kampuni yake kulikuwa na magunia ya pamba yaliyoshindiliwa, yakingoja usafiri wa kwenda Bariadi. Jambo analolijua kila dereva, naye alilijua, ila alikuwa akilijua kwa ajili ya mzigo tu: gari tupu linaruka, gari lililoshiba linatulia. Akayapakia magunia mpaka springi zikainama. Mengine akayapanga mgongoni na ubavuni pake, akaketi katikati kama mtemi. Kutoka pale gari lilikwenda kama limepewa dawa, likiinama na kuinuka polepole. Angeweza kunywa chai.

Lakini alichelewa. Alikiinamia kibuyu akakisikiliza. Toka Lingeka kilikuwa kikisema kwa sauti nyepesi, ya majimaji. Sasa kilikuwa kikisema kwa sauti nzito, kama kuna kitu ndani kinachobisha hodi. Selestini alikulia kwenye nyumba ya ng'ombe, hakuhitaji kufungua. Maziwa ya mama mkwe, aliyokabidhiwa katikati ya barabara, hayakuwa maziwa tena. Kicheko kikamkatika. Lagangabilili ikapita, vilima vya mawe vikapita, naye amekumbatia kosa lake.

Bariadi walifika jua likiwa bado juu. Kija alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. Alimwona mama yake kwenye kiti cha mbele, amenyooka, khanga haijapinda, akatoa sauti ndogo tu, akabaki ameziba mdomo kwa kiganja. Mama Kija alishuka bila kushikwa mkono. Halafu mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka Selestini kwa kusotea, nyuzi za pamba kichwani, nundu juu ya paji la uso, anatembea kama mzee wa kuhamishwa kitanda. Aliweka kibuyu chini, mbele ya mama mkwe, akarudi nyuma, akauangalia mti wa jirani.

Mama Kija akafungua. Akachungulia. Majirani waliokuja kupokea wageni wakasogea karibu, maana hadithi ya mara ya kwanza waliijua.

"Mkwilima," akasema.

Januarius akageuka upesi ili apokee ujumbe. Dada yake akamwashiria kwa mkono anyamaze. Hakuinua macho, alikuwa bado anakiangalia kibuyu, lakini neno lilikwenda moja kwa moja, halikupitia kwa mtu.

"Mkwilima, umesuka vizuri. Ingia ndani ukandwe mgongo."

Watu walicheka mpaka mtoto akaamka. Mama Kija alimpokea, akamfunua miguu, akamega siagi kwa kidole, siagi mbichi iliyosafiri toka Lingeka, akampaka paja hili na paja lile, kwenye mikunjo yote, na mtoto akanyamaza akimwangalia. Selestini hakuona hayo vizuri. Alikuwa chumbani amelala kifudifudi, Kija anamkanda kwa kitambaa na maji ya moto, na kila akikanda anacheka, na kila akicheka tone moja la machozi linamwangukia mumewe mgongoni. Selestini alikuwa na furaha hata hakutaka kugeuka.

"Unajua," alisema kwenye mto, "yale mabenchi ni mabaya."

"Tuliwahi kukuambia," Kija akasema.

Kupitia ukutani waliisikia sauti ya mama mkwe ikimwita mtoto kwa mara ya kwanza, polepole, kama mtu anayejaribu nguo yake kwa mwenzake: Anna. Kisha tena, Anna. Nje gari likawashwa. Alikuwa Januarius, anakwenda kushusha magunia kiwandani. Ufunguo alikuwa nao yeye, na hakuna aliyeuulizia.